Isyonje: Mgongo Unaogawa Maji

Nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa habari za Gotthard, kipito cha Milima ya Alps huko Uswisi, kabla sijaelezwa kwamba tunacho chetu. Karibu na Gotthard huanza mito ya Rhine, Rhône na Ticino, na kila mmoja hupeleka maji yake upande wake. Jambo kama hilo linaonekana Mbeya.

Msafiri atokaye Uyole kwenda Tukuyu huipanda Milima ya Poroto hadi Isyonje, penye kimo cha zaidi ya mita 2,000, ndipo aanze kuteremka. Mvua inyeshayo kusini mwa mgongo huo huingia Mto Kiwira na Ziwa Nyasa, kisha hufuata Shire na Zambezi hadi baharini nchini Msumbiji. Inyeshayo kaskazini-mashariki hushukia Usangu, ikawa Ruaha Mkuu, ikapita Iringa na kumwagwa na Rufiji mkabala na Mafia. Magharibi ya mji wa Mbeya, Mto Songwe huelekea Ziwa Rukwa, lisilo na njia ya kutokea: maji huondoka kwa mvuke tu. (Mwalimu ajihadhari, Songwe ziko mbili, ile ya mpakani na Malawi huingia Ziwa Nyasa.)

Mgawo huo si wa haki. Pepo zenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa zikikutana na Mlima Rungwe hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mvua. Kwa hiyo sehemu za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hali Usangu, iliyo nyuma ya milima, haipati hata nusu yake. Usangu huishi kwa maji ya mlimani.

Maji hayo hukusanyika katika kinamasi cha Ihefu, ambacho mlango wake ni kizingiti cha mwamba mahali paitwapo Ng'iriama. Kina kikishuka chini ya kizingiti, mto hukatika, ingawa kinamasini maji yangalipo. Ndivyo Ruaha Mkuu ulivyoanza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hali hiyo ikarudia miaka mingi baadaye. Chini yake kuna mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Wengi humlaumu mkulima wa mpunga wa Mbarali. Mpunga unahitaji maji, hilo halina ubishi. Lakini mfereji ulioachwa wazi kiangazi, baada ya mavuno, hunywesha shamba tupu.

Zoezi: chukua ramani yenye mistari ya kimo, tafuta Isyonje, kisha chora kwa penseli mgongo unaotenganisha Kiwira na Ruaha Mkuu. Mstari wako usikate mto wowote.