Upatanisho wa Majina ya Wanyama: Mfano wa "Chinchila"

Tuchukue jina "chinchila", la mnyama mdogo wa milima ya Andes ambaye baadhi ya watu humfuga nyumbani. Mwanafunzi wa Palma au Mocímboa da Praia, aliyezoea kusikia Chimakonde, huenda akadhani "chi-" ni kiambishi cha ngeli, akaunda wingi "vinchila". Dhana hiyo haikosi mantiki, kwani "kitabu", neno la asili ya Kiarabu, lilipata wingi "vitabu" kwa njia iyo hiyo. Hata hivyo, "chi-" hapa ni sehemu ya shina: chinchila amelala, chinchila wamelala. Na hata "kiboko", chenye wingi "viboko", hupatanishwa kwa A-WA: kiboko anaogelea.

Upatanisho huu si pambo. Linganisha:

(a) Kizimba cha chinchila kimechafuka, kioshe.
(b) Kizimba cha chinchila kimechafuka; mwoshe.

Kiambishi cha mtendwa ndicho pekee kinachotofautisha sentensi hizi. Anayetii (a) huosha kizimba. Anayetii (b) humtia mnyama majini. Manyoya ya chinchila ni mazito mno, yakilowa hayakauki upesi, na unyevu huo waweza kumdhuru. Yeye hujisafisha kwa kugaagaa katika vumbi laini. Joto la pwani nalo, likipita nyuzi 25, humlemea.

Zoezi: Sahihisha sentensi ifuatayo, kisha ueleze kila kosa la upatanisho.

Chinchila changu kinahema kwa joto. Kipeleke kivulini, na vinchila vingine vipewe nyasi kavu.