Kwenda Mafia: Panga Safari kwa Upepo

Ndugu msafiri, kabla ya kuuliza nauli na malazi, uliza upepo. Katika Kisiwa cha Mafia, mkoani Pwani, upepo ndio unaoamua kama boti itatoka, kama maji yatakuwa maangavu, na utaona nini ukifika.

Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Joto ni kali, lakini bahari huwa tulivu kuliko wakati wa kusi. Wengi huja kumwona papa potwe, ambaye huonekana karibu na mji wa Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na anaweza kuzidi mita 10. Hata hivyo, chakula chake ni uduvi, samaki wadogo na viumbe wadogo mno wanaoelea majini. Hamdhuru mtu; watu ndio wanaoweza kumdhuru. Usimguse, usimpande, usimzibie njia, na kaa mbali na mkia wake. Nahodha akikisogeza chombo mpaka kimkaribie mno, mwambie arudi nyuma. Ni haki yako kusema hivyo, na potwe aliyejeruhiwa na panga za injini hana wa kumtibu.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hatukushauri kuja kama una siku chache. Mvua ni kubwa, barabara za udongo huharibika na safari za majini huahirishwa.

Kusi hushika nguvu Juni hadi Agosti. Hewa ni ya ubaridi na bahari ya nje huchafuka, hivyo wazamiaji hubaki ndani ya Ghuba ya Chole. Msimu huu hudharauliwa bila sababu. Huu ndio wakati ambapo mayai mengi ya kasa huanguliwa katika fukwe za kisiwa jirani cha Juani, na vifaranga hukimbilia majini. Wasimulikwe kwa tochi wala kubebwa. Ukiwa Juani, tembelea pia magofu ya mji wa kale wa Kua.

Angalia na mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hukupwa sana na mafungu ya mchanga hujitokeza, lakini boti huweza kukwama hadi maji yajae. Waulize wenyeji saa za kujaa na kupwa kabla ya kupanga siku yako.

Kufika ni kwa ndege kutoka Dar es Salaam au kwa chombo cha majini kutoka Nyamisati, upande wa bara. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, hutoza kiingilio. Lipa kwenye geti la hifadhi na udai risiti. Kijijini vaa nguo za kusitiri mwili, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Asubuhi ya safari, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na usipande chombo kisicho na maboya ya kuokolea ya abiria wote. Nahodha akisema leo hatutoki, ahirisha safari.