PAMPU YA KISIMA: IJAZE MAJI KABLA YA KUIWASHA

Hapa Nyegina Ziwa Victoria haliko mbali, lakini maji ya nyumbani hayaji yenyewe mpaka mlangoni. Mwenye kisima uani akipata pampu ndogo, ya umeme au ya petroli, hushukuru sana. Taabu huanza siku pampu inaponguruma na maji hayaji. Wengine huiacha ingurume nusu saa. Wengine huishusha kisimani huku inawaka, na hilo huua watu. Leo tutajifunza kwa nini pampu hukataa kuvuta, na namna ya kuiwasha salama.

Wengi wetu tumewaona wazee wakinywa pombe kwa mirija. Mrija ukiwa na ufa, mzee huvuta hewa tu, na chungu kimejaa! Pampu nayo ni hivyo hivyo. Gurudumu lililomo ndani yake limetengenezwa kusukuma maji. Likizunguka katika hewa tupu, maji hayapandi.

Basi, kwanza hakikisha pampu imezimwa. Kama ni ya umeme, zima na swichi kubwa. Fungua kizibo cha juu, umimine maji safi yasiyo na mchanga, polepole. Mapovu yanayotoka ni hewa. Endelea mpaka mapovu yaishe na maji yafurike. Usiwe na haraka hapa. Kisha kaza kizibo, fungua bomba la kutolea maji, ndipo uwashe.

Kwenye ncha ya chini ya bomba la kuvutia kuna valvu inayozuia maji yasirudi kisimani. Kama unamimina maji na pampu haijai, huenda valvu hiyo imeshikwa na mchanga au jani. Vuta bomba juu, uisafishe. Kagua maungio pia, maana tundu dogo tu linaingiza hewa. Na bomba la kuvutia liwe gumu. Mpira laini hubonyea.

Maji yasipokuja kwa dakika tatu, zima. Ndani ya pampu kuna sili inayopozwa na maji yenyewe. Ikikauka huungua, na sili mpya ni fedha pamoja na safari ya Musoma mjini. Usifungue kizibo pampu ikiwa ya moto, kwani maji ya moto yanaweza kukurukia usoni.

Lakini je, umejaza vizuri, hakuna tundu, na bado haivuti? Pima kina. Funga jiwe kwenye kamba, lishushe mpaka liguse maji, upime kutoka kwenye pampu. Pampu inayokaa juu ya ardhi haiyanyanyui maji kwa nguvu yake peke yake. Uzito wa hewa ndio unaoyasukuma kupanda bombani. Pwani hewa inaweza kuyapandisha kama mita 10. Huku kwetu ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na kipimo hicho hushuka mpaka kama mita 9. Kwa kazi ya kweli hesabu mita 6 tu. Maji yakishuka zaidi wakati wa kiangazi, pampu hiyo haifai hata uijaze namna gani. Inatakiwa ile ya kuzamishwa majini.

Hapo ndipo watu huingiwa na tamaa ya kuishusha pampu ya petroli kisimani iyafuate maji. Tunasema hapana! Moshi wake una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, na ndani ya kisima haina pa kutokea. Mtu hulegea, huanguka, hufa. Ndugu yake akishuka kumwokoa, naye hufa. Ukiona mtu ameanguka kisimani, usishuke. Piga yowe, mwite mwenyekiti wa kitongoji, itafutwe kamba na watu wenye vifaa. Injini ikae nje, mbali na mdomo wa kisima na madirisha. Petroli ijazwe injini ikiwa imepoa.

Mwenye pampu ya umeme asiguse swichi kwa mikono iliyolowa. Waya wa ethi uwepo, na uungwe na fundi.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Pampu ya jirani inahitaji kujazwa upya kila asubuhi. Sehemu gani imeharibika?
2. Kamba imeonyesha mita 8 kutoka kwenye pampu hadi kwenye maji. Utamshauri nini mwenye kisima?
3. Kwa nini mwokoaji asishuke kisimani?