SOMO LA TAWI: SAFARI YA MAPUMZIKO KWA WAZEE WETU



Katika matawi yetu tumezoea kusoma habari za mishahara, zamu na ajali za kazini. Leo tunasoma habari ya kupumzika. Msicheke. Kupumzika nako ni jambo la chama. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unasema mfanyakazi apate likizo yenye malipo isiyopungua wiki tatu za kazi kwa mwaka mmoja wa utumishi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku saba kwa kila miezi minne, yaani siku 21 kwa mwaka. Siku hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Wafanyakazi walizidai.

Lakini wengi wetu tunafika uzeeni bila kujua namna ya kuzitumia. Livu zetu zote tumezimaliza kwa kulima, kujenga na kwenda matangani. Halafu siku ya kustaafu ikifika, watoto wanasema: "Baba na mama, sasa mtembee, mwone nchi za jirani." Ni neno jema. Shida ni kwamba watoto huipanga safari kama nyapara anavyopanga kazi ya kipande: miji mingi, siku chache, hakuna kukaa chini. Wazee wanarudi wagonjwa, na pesa zimekwisha.

Basi somo hili lina neno moja la kushika: pesa au siku zikipungua, punguza miji, usipunguze usingizi.

1. MFANO WETU

Tuchukue mfano. Mzee amefanya kazi miaka 31 katika kinu cha sukari karibu na Jinja, kwenye mashine za kukamua miwa. Sasa ana miaka 63. Magoti yanamuuma, na kila asubuhi anameza dawa ya presha. Mama ana miaka 60. Yeye alipalilia miwa kwa kipande, na jioni akarudi nyumbani kupika. Wote wawili hawajavuka mpaka hata siku moja.

Watoto wao wamechanga pesa na kuandika ratiba. Basi la usiku mpaka Nairobi, kutembea Nairobi mchana kutwa, basi la usiku mpaka Mombasa, kulala huko mara mbili, basi la mchana mpaka Dar es Salaam, kulala, meli mpaka Unguja, kulala, kurudi Dar es Salaam na kupanda basi la usiku mpaka Arusha, kutazama Arusha, basi la usiku kurudi nyumbani. Miji mitano.

Sasa hesabuni pamoja nasi. Katika safari hiyo wazee watalala mara nane. Kati ya hizo, mara nne ni juu ya kiti cha basi. Hakuna mwajiri ambaye tungemkubalia zamu nne za usiku kwa mtu wa miaka 63 mwenye magoti mabovu. Kwa nini tuwapangie zamu hizo wazazi wetu, tena kwa pesa yetu wenyewe?

2. KWANZA WAULIZENI

Kabla ya kununua tiketi, kaeni na wazee na muwaulize kila mmoja peke yake: "Ukirudi nyumbani, ni jambo gani moja ungesikitika kwamba hukuliona?" Mzee akijibu peke yake kwa niaba ya mama, hamjapata jibu la mama.

Katika mfano wetu mama alisema anataka kuona bahari. Mzee alisema anataka kuona reli na bandari, kwa sababu mitambo aliyoihudumia maisha yake yote ilikuja kwa njia hiyo. Hakuna aliyetaja Arusha wala Unguja. Basi miji mitatu kati ya ile mitano inaondoka hapo hapo, na hakuna aliyenyimwa kitu. Kinachobaki ni Nairobi na Mombasa, pamoja na vituo vya kupumzikia njiani.

3. KANUNI TANO ZA MWENDO

(a) Kila mji walale angalau mara mbili. Siku ya kufika huwa ni ya njia. Mapumziko huanza kesho yake.

(b) Wasisafiri siku mbili mfululizo.

(c) Wasisafiri usiku, na wafike kabla ya saa kumi na moja jioni. Mgeni mzee anayetafuta nyumba ya wageni gizani, mabegi mkononi, ni chakula cha wezi.

(d) Mji waliotamani zaidi upate siku nyingi kuliko mingine.

(e) Jambo moja kwa siku. Asubuhi watembee wakati jua halijawa kali, mchana walale, jioni wakae nje na kutazama watu. Siku nyingine wasifanye lolote, na hiyo nayo ni siku nzuri.

4. RATIBA MPYA

Tukifuata kanuni hizo, ratiba inakuwa hivi, siku 18 kwa jumla.

Siku ya 1: Jinja mpaka Kisumu kwa njia ya Busia, kama kilomita 230. Wapande gari mpaka Busia, wavuke mpaka, wanywe chai, kisha wapande gari lingine. Tangu mwaka 2018 Busia ina kituo cha pamoja, hivyo maofisa wa nchi zote mbili wanakaa mahali pamoja na mstari umepungua. Kisumu watalala mara mbili. Reli kutoka pwani ilifika hapo ziwani mwaka 1901, na kwa miaka mingi mizigo ya Uganda ilivushwa kwa meli kutoka bandari hiyo. Mzee aanze kuifuata reli yake hapo. Samaki wataliwa Dunga, kando ya ziwa.

Siku ya 3: Kisumu mpaka Nakuru, kama kilomita 180. Wachague gari linalopita Kericho. Hapo wataona mashamba ya chai yakipanda na kushuka vilima, na wavunaji kazini. Nakuru watalala mara mbili. Ni mji wa baridi, ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Masweta yasiwe chini ya begi.

Siku ya 5: Nakuru mpaka Nairobi, kama kilomita 160. Watalala mara mbili. Jambo la Nairobi ni moja tu: Jumba la Makumbusho la Reli, lililoanzishwa mwaka 1971, karibu na stesheni ya zamani. Humo mna mabehewa na vichwa vya treni vya moshi. Mzee apewe nafasi, asihimizwe.

Siku ya 7: Nairobi mpaka Mombasa kwa treni ya reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017. Mwendo ni kama saa tano au sita. Angalieni mambo mawili. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, nje ya katikati ya mji, na ile ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa. Nauli na muda wa teksi viingie katika hesabu. Tena abiria hukaguliwa kabla ya kupanda, kwa hiyo wafike saa nzima kabla, na jina la kwenye tiketi lilingane na la kwenye kitambulisho.

Mombasa watalala mara tano. Hapa ndipo safari yenyewe ilipo. Mama ataona bahari siku ya kwanza, na ataiona tena kesho na kesho kutwa, mpaka aizoee. Kivuko cha Likoni hakimtozi nauli mtu anayekwenda kwa miguu. Waende na kurudi kwa kujifurahisha, ila si asubuhi na jioni wakati wafanyakazi wamejaa. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Ina mawe na ngazi, kwa hiyo waende asubuhi na waiache hapo magoti yatakaposema basi. Katika Mji wa Kale wavae nguo za heshima.

Mzee na aitazame bandari kwa jicho la mfanyakazi. Mwezi wa Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa, wa bandarini, wa relini na wa majumbani, waliweka zana chini pamoja. Ndipo chama cha African Workers' Federation kikasimama, kikiongozwa na Chege Kibachia, ambaye serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka huo huo na kumhamishia mbali. Mahali walipokusanyika paliitwa Kiwanja cha Maskini. Mzee wetu atajua kwamba amekuja kwenye mji wa ndugu zake.

Kurudi ni njia ile ile: siku ya 12 Nairobi, ya 14 Nakuru, ya 16 Kisumu, ya 18 nyumbani, kila mji kulala mara mbili. Kurudia mji si hasara. Watakuwa wanajua nyumba ya wageni, wanajua duka la dawa, na mwenye nyumba anawajua. Mizigo isiyohitajika pwani, kama masweta ya Nakuru, wanaweza kumwachia mwenye nyumba wa Nairobi wakimwamini.

Mtauliza: siku 18 si nyingi? Kama pesa haitoshi, msirudi kwenye mabasi ya usiku. Ondoeni mji. Wazee wanaweza kwenda Kisumu na Nakuru tu, siku kumi, na bahari ikasubiri mwaka mwingine pesa zikichangwa. Safari fupi iliyotulia inampa mtu hamu ya kwenda tena. Safari ndefu ya kukimbizana humfanya aseme, "Sitoki tena nyumbani."

5. MWILI

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kusafiri kwa saa nne au zaidi mtu akiwa amekaa bila kusogea huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Kwa hiyo wazee wasimame kila gari linaposimama, na wakiwa wamekaa wakunje na kukunjua vifundo vya miguu.

Wazee wengi hawanywi maji njiani kwa kuogopa kukosa choo. Hiyo ni hatari, hasa kwa mtu wa presha au wa sukari, na zaidi katika joto la pwani. Chagueni gari linalosimama, mseme na dereva mapema bila kuona haya, na muwape wazee maji.

Dawa ziwe za siku zote za safari na za wiki moja zaidi, zigawanywe katika mifuko miwili, nazo zisikae chini ya gari pamoja na mizigo. Majina ya dawa yaandikwe kwenye karatasi. Kabla ya kuondoka waende zahanati wakapimwe, wamwambie mganga wanakwenda wapi.

Nyumba ya wageni: ulizeni kwa simu kama kuna chumba cha chini na choo ndani, na kama choo ni cha kukaa. Nyumba ya bei ndogo yenye ngazi za ghorofa tatu si rahisi kwa mwenye magoti mabovu.

6. KARATASI NA PESA

Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka kwenda nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Kitazameni tarehe ya mwisho wake. Wachukue pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kila mmoja abebe karatasi zake mwenyewe, na mama ashike sehemu yake ya pesa. Wakipoteana sokoni, asiwe mtu asiye na shilingi wala jina.

Pesa ya safari isitoke yote kwenye malipo ya uzeeni. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda humlipa mtu akifika miaka 55, na pesa hizo ni za kula miaka yote iliyobaki. Safari ichangiwe polepole, miaka mitatu au minne kabla, katika chama cha akiba na mikopo. Na katika pesa hizo itengwe ya kurudia ghafla, ambayo haiguswi mpaka wafike nyumbani.

Jambo la mwisho ni la mama. Tangu aolewe hajapumzika kupika. Msimtafutie nyumba yenye jiko "ili kupunguza gharama". Mkifanya hivyo, mzee peke yake ndiye aliyekwenda likizo. Mama amehamishiwa kituo kingine cha kazi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Katika tawi letu, ni wangapi waliotumia likizo ya mwaka jana kwa kupumzika? Wengine waliitumia kwa nini?

2. Wazee wakiwa na pesa ya kulala mara kumi tu nje ya nchi, wewe ungeondoa mji gani katika ratiba yetu, na kwa nini?

3. Ni wenzetu wangapi wanastaafu katika miaka minne ijayo? Chama cha akiba kinaweza kuwafungulia mfuko wa safari namna gani?

4. Umewahi kumuuliza mama yako angependa kuona nini?

Swali la nne lijibiwe nyumbani, kabla ya mkutano ujao.