SOMO LA HINDI: MGENI ALIYEGEUKA MWENYEJI

Mtu apitaye katika barabara ya kutoka Nakuru kwenda Nyahururu hukatiza bonde la Subukia, karibu na mstari wa Ikweta. Wakati wa mavuno huona mahindi yameanikwa mbele ya nyumba, mengine juu ya turubai, na mengine juu ya ardhi tupu. Akimwuliza mwenye shamba chakula cha wenyeji ni kipi, atajibiwa mara moja kuwa ni ugali na githeri. Jibu hilo ni la kweli kwa siku hizi. Lakini mababu zetu wasingalijibu hivyo. Wao wangalitaja wimbi, mtama na mawele. Hindi ni mgeni. Basi leo tutazame mgeni huyu alitoka wapi, jinsi mataifa yanavyomla, na hatari mbili zinazowapata watu wasiojua tabia zake.

Kila mtu amtaja jirani

Sisi tusemao Kiswahili twaliita hindi, kana kwamba limetoka Bara Hindi. Waitalia huliita granoturco, yaani nafaka ya Kituruki. Waturuki wasema si lao. Wao huliita mısır, na neno hilo ndilo jina lao la nchi ya Misri. Ukienda Misri kuuliza, utaambiwa ni mtama wa Sham, yaani wa upande wa Syria. Hivyo kila mmoja aelekeza kidole kwa jirani, mfano wa watoto walioulizwa ni nani aliyevunja mtungi.

Kuna la kuchekesha zaidi. Katika Kituruki neno hindi lipo, ila ni jina la ndege, yule tumwitaye bata mzinga. Msomaji akifika mji wa Istanbul akaagiza hindi la kuchoma, asistaajabu akiletewa ndege mwenye mapaja na mabawa. Waingereza nao humwita ndege huyo kwa jina la nchi ya Uturuki, na Wareno humwita Peru. Mkumbukeni ndege huyu, maana atarudi mwishoni mwa somo letu.

Ukweli ni kwamba hindi na bata mzinga wote wawili kwao ni Amerika. Watu wa Mexico walianza kulima hindi yapata miaka 9,000 iliyopita, wakilitoa katika aina ya majani ya porini yenye punje chache ngumu. Mabaharia wa Christopher Columbus waliliona katika kisiwa cha Cuba mwaka 1492. Wareno, ambao walifika pwani yetu mwaka 1498, ndio wanaohesabiwa kuwa walilileta Afrika ya Mashariki. Huku bara lilikawia. Lilikuja kuwa chakula kikuu katika karne ya 20. Mwaka 1964 wataalamu wa Kitale walitoa mbegu chotara iliyoitwa H611, ambayo mzazi wake mmoja ni wa Kitale na wa pili ni wa nchi ya Ecuador. Kwa hiyo hata lile twaliitalo hindi letu lina wajomba ng'ambo ya bahari.

Desturi za mezani

Ugali una ndugu wengi. Malawi huitwa nsima, Zimbabwe sadza, na Uganda posho. Katika nchi hizo zote desturi ni moja: mikono hunawishwa kwanza, tonge huvunjwa kwa mkono wa kulia, hufinyangwa, kisha huchovywa katika kitoweo. Waromania nao wana ugali wao wa rangi ya manjano, na kwa desturi ya zamani hawakuukata kwa kisu bali kwa uzi, kama fundi akatavyo sabuni.

Waitalia wa kaskazini huuita polenta. Zamani waliumimina juu ya ubao mpana katikati ya meza, na jamaa wote wakala pamoja, kila mtu akianzia upande wake. Husimuliwa kwamba katika nyumba za maskini samaki mmoja mkavu alining'inizwa kwa kamba juu ya meza. Kila mtu alilipaka tonge lake kwa yule samaki, likapata harufu tu, na samaki akabaki kuning'inia hadi kesho. Sisi nasi tunacho kisa cha maskini aliyekula ugali wake kwa harufu ya nyama ya tajiri. Twacheka, lakini kicheko hicho kina machozi ndani yake, kama tutakavyoona.

Hatari ya kwanza: kula hindi peke yake

Mwaka 1735 tabibu mmoja wa Hispania, jina lake Gaspar Casal, aliandika habari za ugonjwa mpya uliowapata wakulima maskini. Ngozi iliyopigwa na jua ilikauka na kupasuka, tumbo likaharisha, akili ikapotea, na mwisho mgonjwa akafa. Waitalia waliuita pelagra, maana yake ngozi iliyoparuza. Ulifuata hindi kila lilikokwenda.

Watu wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1914, daktari Joseph Goldberger alikataa rai hiyo. Ili kuwashawishi wenzake, yeye na wasaidizi wake walijidunga damu ya wagonjwa, hata wakameza vidonge vilivyotiwa uchafu wa miili yao. Hapana aliyepata pelagra. Kosa lilikuwa katika chakula: wagonjwa walikula unga wa mahindi siku zote bila maziwa, nyama wala maharagwe. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akaonyesha kwamba kilichopungua ni vitamini iitwayo niasini.

Msomaji atauliza: mbona watu wa Mexico, waliokula hindi maelfu ya miaka, hawakuangamia? Jibu li katika desturi yao ya jikoni. Wao huchemsha mahindi katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa hiyo huifungua niasini iliyofungwa ndani ya punje. Wazungu walichukua mbegu, wakaidharau desturi, wakalipa kwa maisha ya watu.

Hapo twapata funzo kubwa. Githeri ya Wakikuyu, ambayo ni mahindi na maharagwe, na ugali unaoliwa kwa mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin yatunzwayo katika kibuyu, si vyakula vya kuonea haya. Maharagwe na maziwa hutoa kile ambacho hindi haliwezi kukitoa peke yake. Mzazi ampaye mtoto ugali na chai ya rangi tu asubuhi na jioni amshibisha tumbo, lakini hamjengi mwili.

Hatari ya pili: kuvu

Sasa arudi yule ndege. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ghafula. Wataalamu walipochunguza, waligundua kwamba walilishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Kuvu hiyo hutoa sumu ambayo leo twaiita sumukuvu, nayo huliharibu ini. Haichagui karanga tu. Hupenda mahindi pia yanapowekwa yakiwa na unyevu.

Kwetu Kenya msiba mkubwa ulitokea mwaka 2004 katika sehemu za mashariki, hasa Makueni na Kitui. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao walikufa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka. Tena sumu hii haiondoki kwa kupikwa, hata sufuria ikitokota mchana kutwa. Wala si busara kumpa ng'ombe mahindi yaliyooza. Sumu hupita katika maziwa, na maziwa hayo hunywewa na watoto.

Basi yashikeni haya:

1. Anika mahindi juu ya turubai au jukwaa, kamwe si juu ya udongo, na uyafunike mvua ikinyesha.

2. Yajaribu kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje kiasi cha robo ya chupa pamoja na kijiko kikubwa cha chumvi kavu, ufunge, utikise dakika chache, kisha uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Lakini ghala salama lataka asilimia 13.5, kwa hiyo yaongezee jua.

3. Chambua punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi, nawe usizile, usizipikie pombe, wala usiwape mifugo.

4. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali penye hewa.

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hindi tumelipa jembe, nalo limetulisha vema. Linatutaka malipo mawili tu: tulikaushe kabla ya kulilaza ghalani, na tusilikalishe mezani peke yake.

Maswali ya kujijaribu

1. Kwa nini jina la hindi halituonyeshi mahali lilikotoka?

2. Goldberger alithibitishaje kwamba pelagra haiambukizi?

3. Chokaa ya Mexico na maharagwe ya githeri yafanana kwa faida gani?

4. Jirani yako asema kwamba mahindi yenye kuvu huwa safi yakichemshwa sana. Utamjibu nini?