Mimba imeharibika, bosi anakata likizo yangu

Shangazi,

Nina miaka 34, ni mhasibu wa kampuni binafsi hapa Morogoro. Mwezi uliopita mimba yangu ya wiki 14 iliharibika, nikasafishwa kizazi, daktari akaniandikia ED (cheti cha kupumzika kazini) ya siku 14. Bosi anasema hakuna mtoto aliyezaliwa, kwa hiyo hakuna likizo, na siku hizo anazikata kwenye likizo yangu ya mwaka. Sasa mimi na mume wangu tunataka kwenda Dar es Salaam kupandikiza mimba. Naogopa nikiomba ruhusa tena nitafukuzwa. Ofisini, mbali na bosi, hakuna anayejua, wananiuliza tu nitazaa lini.

Mama Asiye na Mtoto

Mwanangu, pole sana, wewe na mumeo. Msiba wa mimba hauwekewi matanga, ndiyo maana wengi huuona mdogo. Mmefiwa, na mna haki ya kulia.

Bosi wako anachanganya mambo. Likizo ya uzazi, siku 84 au 100 kwa mapacha, ni ya aliyejifungua. Wewe uliugua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Sharti ni cheti cha daktari, nawe unacho. Siku zako 14 zihesabiwe humo, na 28 za likizo ya mwaka zisiguswe.

Andika barua fupi, ambatisha nakala ya ED, omba siku zako zirudishwe. Taja "matibabu", inatosha. Baki na nakala iliyosainiwa na aliyeipokea. Akikataa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Lalamiko kama hili hufunguliwa ndani ya siku 60, kwa hiyo usikawie.

Upandikizaji haujatajwa katika sheria yetu. Sindano za kukuza mayai huchukua kama siku 10 hadi 12, na katikati unaitwa kliniki mara kadhaa kwa ultrasaundi. Omba ratiba mapema, panga likizo ya mwaka iangukie hapo, na siku ya kutolewa mayai omba ED. Kuhusu kufukuzwa, mwajiri hawezi kukuachisha bila sababu halali na utaratibu wa haki. Ukishika mimba, sheria inakataza kabisa kukubagua au kukuachisha kwa sababu hiyo.

Hata hivyo sheria yenyewe ina pengo linaloniuma. Mama aliyefiwa na mtoto kabla hajatimiza mwaka anaongezewa siku 84 zenye malipo. Aliyepoteza mimba hatajwi, anabaki kutegemea ED. Ufilipino, kwa sheria ya 2019, inampa siku 60 zenye malipo. Wabunge wetu walifikirie hili. Nanyi wenye kampuni, hamhitaji kungoja Bunge ili kumpa mfanyakazi wenu wiki mbili za kupona.

Mwanangu, wanaouliza utazaa lini huna deni la kuwapa maelezo. Waambie "Mungu akipenda", endelea na kazi yako. Mtafute mmoja unayemwamini umweleze, usibebe haya peke yako. Na ile barua, iandike wiki hii.