Juisi Inauzika, Lakini Je, Inakulipa?

Umeanza kuuza juisi ya ukwaju kibarazani, Mji wa Kale. Simu haitulii, malipo yanaingia tu. Wiki ikiisha unaona shilingi 5,000. Je, ukope ununue friji kubwa? Ngoja kidogo. Pima haya kwanza.

1. Angalia kilichobaki, si kilichoingia. Tuseme ulitengeneza chupa 120, kila moja kwa shilingi 35: jumla 4,200. Barafu na mkokoteni, 300. Ukauza chupa 100 kwa 50: 5,000. Kilichobaki ni 500 tu. Zile chupa 20 zilizochacha zimekula 1,000, kwani zingeuzika zote ungebaki na 1,500. Basi wiki ijayo punguza chupa kabla ya kufikiria friji.

2. Hesabu waliorudi. Fungua taarifa ya malipo kwenye simu. Nani alilipa wiki ya kwanza na akalipa tena wiki ya tatu? Mgeni aliyekuja kutembea Fort Jesus hununua mara moja akaenda zake. Jirani akirudi, hapo bidhaa imependwa. Wanaolipa taslimu hawaonekani kwenye simu, kwa hivyo waandike. Mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Usipime kwa Ramadhani peke yake. Mwezi huo juisi huenda ikaisha kabla ya adhana ya magharibi. Linganisha na mwezi wa kawaida baada ya Idi, maana deni utalilipa miezi yote.

4. Tazama wateja wanaitumiaje. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Lau wenye huduma wangehesabu marejesho ya mikopo tu, wasingeliona hilo. Ilipozinduliwa Machi 2007, ikanadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Nawe pia, wateja wakiulizia lita 20 za harusi badala ya chupa, huenda biashara yako iko huko.

Zoezi la wiki hii: kila jioni andika mambo matatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichomwagwa. Fanya hivyo wiki nne. Ikiwa kinachobaki kila mwezi kinatosha kulipa deni na bado unapata cha kupeleka nyumbani, basi nenda kaulize bei ya friji.